Wangapi wamekufa?

Mjomba alinipigia simu Jumapili moja ya Aprili 2024, saa moja asubuhi, nikiwa bado kitandani Sinza. Mjomba wangu si mtu wa kupiga simu. Akipiga ujue kuna msiba au kuna harusi, na mwezi huo hatukuwa na harusi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba upesi upesi, kisha akasema: "Mlima umetelemka."

Nikauliza bibi yuko wapi. Yupo, mzima, kalala kwa jirani. Nyumba je? Nyumba ipo, ni ukuta wa jiko tu ndio umelala. Nikashusha pumzi. Nikamwambia nitatuma chochote kwenye simu, tukaagana. Aibu yangu inaanzia hapo hapo, maana sikumuuliza mlima umetelemka na nini.

Kesho yake nikamgusia mhariri. Akaniuliza swali ambalo sisi waandishi tunaliuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: wangapi wamekufa? Hakuna, nikamjibu. Nyumba ngapi? Ukuta mmoja, wa jiko. Akacheka, na mimi nikacheka. Simlaumu. Tarehe 25 ya mwezi huo huo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alisimama bungeni akasema mvua za El Niño zimeua watu 155 na kujeruhi 236, na walioathirika wamepita 200,000. Miezi michache nyuma, Desemba 2023, tope la mlima Hanang lilikuwa limeufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, watu 89 wakafa. Nani angeweka ukuta wa jiko la bibi yangu gazetini?

Halafu kikaja Kimbunga Hidaya. Mnakumbuka mwanzoni mwa Mei jinsi mji mzima ulivyokuwa unaangalia simu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari, boti za Zanzibar zikasitisha safari, na sisi wa vyombo vya habari tukakimbilia pwani. Nilisimama Kivukoni na mwavuli uliokwisha kupinduka, nikingoja bahari ifanye jambo la kuandikika. Hidaya alifika Mafia tarehe 4 Mei akiwa ameishiwa nguvu. Wa Dar tukabaki na upepo, mvua na utani wa WhatsApp. (Watu wa Kilwa hawakuwa na hamu ya utani, barabara ya kusini ilikatika pale Somanga.) Usiku nikarudi nyumbani nimelowa chapachapa, na wakati nakamua soksi ndipo nikajisikia mjinga. Nimekesha nikiingoja dhoruba iliyokuwa haijafika, na iliyofika kwetu wiki mbili kabla nimeicheka.

Basi wiki iliyofuata nikapanda basi la Morogoro.

Kwa wasioijua Kinole: ukitoka Morogoro mjini unapita Bigwa, Kiroka, Mkuyuni, unafika Madamu, halafu unaanza kupanda. Ni upande wa mashariki wa Uluguru, unaotazama bahari. Hewa yenye unyevu inatoka Bahari ya Hindi, inakuta ukuta wa milima, inapanda, inapoa, inamwaga. Ndiyo maana kule mvua kwa mwaka inapita milimita 2,000 wakati Dodoma inagombania 600. Ndizi mnazokula, mafenesi, pilipili manga, mdalasini na karafuu, nyingi zinatoka huko. Kinole pia ndiko kwa Chifu Kingalu, yule ambaye soko kuu la Morogoro limepewa jina lake, na ambaye watu wa nchi kavu huko chini walikuwa wakipanda kwake zamani kuomba mvua. Wenyewe wa Kinole sidhani kama walikuwa na haja ya kuiomba.

Bodaboda alinifikisha mahali akasema, kaka, hapa mwisho. Barabara ilikuwa imebaki upana wa meza. Nikatembea.

Bibi nilimkuta kwenye kiambaza cha jiko jipya, anakandika udongo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekuja kutazama au umekuja kusaidia?"

Nikavua viatu. Tulikandika mpaka saa kumi, ndipo akaniambia twende nikakuonyeshe.

Nilikuwa nimejiandaa kuona shimo. Nilichokiona ni kama mtu amechukua panga akamenya mlima kama anavyomenya muhogo. Mchirizi mwekundu kutoka karibu na kileleni hadi kwenye kijito, upana wake kama uwanja wa mpira wa shule. Juu kabisa mwamba mtupu unang'aa. Chini, lundo la tope lililoanza kukauka, na ndani yake mizizi imeelekea mbinguni. Bibi akaanza kuhesabu kwa kidole, si kwangu, kwake mwenyewe. Huu ulikuwa wa baba yako mkubwa. Huu tulipanda mwaka aliozaliwa mama yako. Huu ulikuwa hauzai lakini una kivuli. Mikarafuu 19. Migomba hakuhesabu, migomba inarudi.

Mkarafuu ukiupanda leo unangoja miaka sita, saba, au zaidi ndipo uone karafuu ya kwanza, na mpaka ushike kuzaa hasa unangoja tena. Zanzibar wanalijua hili kuliko sisi. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na Bagamoyo, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ambayo haikuumia sana ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu mpaka leo. Upepo wa siku moja uliamua nani atakuwa tajiri wa karafuu kwa zaidi ya karne. Sasa mwambie mama wa miaka zaidi ya sabini kwamba hakuna maafa kwa sababu hakuna aliyekufa.

Tena mti ni nafuu, mti unapandwa. Ulioondoka ni udongo. Nilikanyaga ule mwamba pale juu nikajaribu kuuchimba kwa kisigino, hauchimbiki. Udongo ule ulikuwa wa ukoo. Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo inafuata njia hiyo hiyo: bibi kaipata kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Sasa hivi urithi huo unaelea kwenye Mto Ruvu kuja Dar es Salaam. Sisemi kwa mafumbo. Mito ya mlima ule inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayotunywesha wa Dar. Ukifungua bomba masika ukaona maji yana rangi ya chai, kunywa taratibu, huenda ni shamba la mtu.

Niliporudi nikasoma kidogo, tabia ya kazi. Kumbe tarehe 23 Februari 1970 upande wa pili wa milima hii, Mgeta, ilinyesha mvua ya kama milimita 100 ndani ya saa tatu, na miteremko ikaachia sehemu zaidi ya 1,000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, walikwenda kuyapima maporomoko hayo moja moja. Karibu yote yalianzia kwenye mashamba na majani, machache mno yalianzia msituni. Mizizi mirefu inashika, ya mahindi haishiki. Maji yakishiba kwenye udongo mpaka yakafika kwenye mwamba, udongo unaanza kuteleza kama sahani juu ya sabuni.

Najua mnachotaka kusema: basi wahame. Na mimi nilikisema, jioni ile, mbele ya mjomba. Hakunijibu. Alinitajia Matombo. Miaka ya 1950 Waingereza walikuja na mpango wao wa kuokoa ardhi ya Uluguru, wakalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi mlimani, na sehemu nyingi matuta yale yakafukua udongo usio na rutuba, mazao yakagoma. Julai 1955 watu wa Matombo wakakataa, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa na mpango ukafa. Mjomba alikuwa hajazaliwa lakini anausimulia kama alikuwepo. "Kila anayekuja hapa na suluhisho," akasema, "analala mjini." Mimi huyo.

Ila nilibishana naye kidogo, kwa adabu. Maana milima haijali historia. Machi 2019 Kimbunga Idai kiliingia Beira, Msumbiji, kikatembea bara mpaka milima ya Chimanimani huko Zimbabwe. Kule Kopa, makazi yaliyokuwa pale mito miwili inapokutana yalisombwa usiku watu wamelala. Mwaka 2023 Freddy akafanya vile vile kwenye vilima vya Blantyre, Malawi. Nilimwonyesha mjomba picha kwenye simu. Akazitazama muda mrefu sana. Kisha akanyanyua kichwa akatazama nyumba ya jirani iliyo chini kabisa, kwenye kijito, yule yule aliyemlaza bibi. "Huyo," akasema, "huyo kweli asogee." Zaidi ya hapo hakukubali, na nafikiri kwa sehemu kubwa yuko sahihi. Kati ya kuwahamisha wote na kuwaacha wote kuna kazi ya kutembea nyumba hadi nyumba, na kazi hiyo haina picha nzuri ya televisheni.

Niliandika habari. Ikatoka maneno 120, ukurasa wa mikoani, kichwa chake kikitaja barabara kuharibika. Mikarafuu haikuwemo. Sikuikata mimi, lakini kusema kweli hata mimi niliiweka aya ya mwisho, na sisi wote tunajua aya ya mwisho hukatwa kwanza.

Asubuhi ya kuondoka bibi alinifungia karafuu kavu kwenye kitambaa, kilo moja na ushee, za msimu uliopita. Akaniambia nisiziuze kwa Mpemba yeyote maana watanicheka. Nikamuuliza atapanda nini pale. Mjomba ameshaweka migomba pembeni, na pale kwenye mwamba hakuna la kufanya. Lakini upande wa kushoto umebaki ukanda wa udongo, hatua kama kumi na tano hivi.

"Niletee miche," akasema.

"Ya nini bibi?"

"Ya karafuu. Kwani mimi naonekana mtu wa mchicha?"

Alitaka 19. Mpaka sasa nimempelekea 12.