Imeandikwa Wapi?

Mabosi wangu wa mwanzo waliipenda NFS, njia ya kushirikiana faili kupitia mtandao, kwa sababu faili zilionekana. Ukifungua folda kutoka seva yoyote ya ofisi unaikuta kanzidata imelala pale, na ukubwa wake na tarehe yake, moyo unatulia. Hifadhi ya bloku haina raha hiyo. Inafika kwenye seva ikiwa diski tupu; uigawe mwenyewe, uiwekee mfumo wa faili mwenyewe, na bosi akiuliza data zetu ziko wapi, unamwonyesha kitu kinachoitwa sdb. Aliyewahi kumweleza mhasibu mkuu sdb ni nini atanielewa.

Nilikuwa msimamizi wa kanzidata katika taasisi ya akiba na mikopo Dar es Salaam, miaka ya 2009 na 2010, nyaya za SEACOM na EASSy zilipofika pwani yetu na mji mzima ukawa unazungumzia kasi. Chumba cha seva nacho kikaambukizwa. Kila mjadala wa diski uliishia kwenye kasi, ilhali kwa swichi yetu ya gigabiti 1, NFS na iSCSI, yaani bloku inayopita kwenye mtandao, zilikaribiana kiasi kwamba hakuna karani ambaye angetofautisha. Mimi nilikuwa na swali jingine: kanzidata yetu, PostgreSQL, inapomjibu karani wa dirishani kwamba amana imeingia, imeandikwa wapi hasa?

Kanzidata haijibu hivihivi. Kwanza inauandika muamala kwenye kumbukumbu zake za miamala, kisha inaiamuru kerneli, kwa amri iitwayo fsync, iyashushe maandishi hadi diskini, na inasubiri kuambiwa ndiyo. Kwenye bloku, hata diski ikiwa upande wa pili wa kebo, mpangaji wa faili ni kerneli ya seva yangu. Kwenye NFS jibu linatoka kwa kompyuta nyingine, yenye kerneli yake, mipangilio yake na mtu wake wa kuisimamia. Sun Microsystems waliitengeneza NFS mwaka 1984 ili watu washirikiane faili, na kwa kazi hiyo naiheshimu hadi leo. Ila seva ya Linux ina chaguo la async, linaloiruhusu kusema imeshaandika wakati maandishi yangali kwenye RAM, sawa na karani anayegonga muhuri kabla ya kuhesabu fedha.

Fundi wa kampuni iliyotufungia mtambo alichagua async kwa sababu vipimo vilipendeza. Umeme ukakatika, betri za akiba zikashindwa, seva ya faili ikazima. Kanzidata ilipoamka, wateja walikuwa na stakabadhi za amana ambazo mfumo haukuzijua. Tulikaa na wahasibu tukilinganisha karatasi na skrini, stakabadhi moja baada ya nyingine. Fundi alisisitiza kwamba hakuna kilichoharibika, na kwa upande wa vifaa alisema kweli.

Baada ya hapo tukaanza kusoma mipangilio ya NFS kwa makini. Ukiipachika kwa chaguo la soft, mtandao ukiyumba inakata tamaa katikati ya kuandika na kurudisha hitilafu. Kwa hard inasubiri hata usiku kucha, programu imeganda. Mwongozo wa PostgreSQL unataka hard, nami naafiki, ingawa aliyeamshwa saa nane usiku kwa ajili ya seva iliyoganda hatanishukuru. Jambo lililonitisha zaidi lilikuwa kuwasha kanzidata ileile kwenye seva mbili. PostgreSQL huacha faili yenye namba ya mchakato wake. Seva ya pili huitafuta namba hiyo kwake, isiione, ikadhani mwenzake alishakufa, ikaanza kuandika juu yake.

Tukahamishia miamala kwenye iSCSI, bakapu zikabaki NFS. Bloku nayo si malaika. Diski yenye ext4 au XFS ukiipachika kwenye seva mbili kwa wakati mmoja, kila seva inaweka hesabu zake kichwani na kuzifuta za mwenzake. Halafu mwaka 2018 watengenezaji wa PostgreSQL wakabaini kwamba Linux, ikishindwa kuandika, hutoa hitilafu mara moja tu. Ukiita fsync tena inaweza kujibu kwamba mambo ni shwari. Waliamua kanzidata ijiangushe yenyewe na kuanza upya kutoka kwenye kumbukumbu zake za miamala. Nilifurahi nilipoisoma habari hiyo, maana nilikuwa nimechoka kuonekana mtu wa wasiwasi.

Wenzangu waliotumia Oracle walinicheka, na walikuwa na haki. Tangu toleo la 11g la mwaka 2007, kanzidata yao inaweza kuzungumza NFS yenyewe bila kupitia NFS ya kerneli, na mitambo waliyoitumia ilikuwa na RAM inayolindwa kwa betri. Kwao ndiyo ilikuwa ndiyo.

Kwa hiyo vijana wakiniuliza tununue ipi, siwajibu kwa jina. Tunaandika safu zenye namba mfululizo, kompyuta ya pembeni inarekodi kila namba iliyothibitishwa, kisha tunachomoa waya wa umeme wa mtambo wa hifadhi na kulinganisha. Muuzaji mmoja alikataa mtambo wake uguswe hivyo; hatukununua kwake.