Upenyo Baina ya Kuta Mbili

Nyumba ya wazazi wetu, katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, ilijengwa kwa matofali mabichi na kuezekwa kwa bati. Ilikuwa na vyumba vitatu, upenu wa mbele na ua wa nyuma wenye jiko. Tulipooa na kuolewa, sisi ndugu wanne tuliafikiana kuikarabati na kuiongezea sebule, jiko la ndani na bafu kwa mtindo wa kisasa.

Tulianza kwa pupa. Fundi wa kwanza alizipiga kuta za zamani lipu ya saruji ili zifanane na zile mpya. Kabla ya masika kwisha, lipu ilikuwa imebambuka na kuondoka na udongo. Ukuta wa udongo hufyonza unyevu na kuutoa. Saruji ilikuwa imeuzibia njia. Wawili kati yetu wakasema nyumba yote ivunjwe. Mama alisikiliza, kisha akaweka kiganja juu ya ukuta wa chumba chake.

“Wanangu,” akasema, “nyumba ni yenu. Lakini ukuta huu niliukandika mimi na baba yenu, mimba ya kwanza ikiwa tumboni mwangu.”

Hatukuwa na la kujibu.

Tulimtafuta mwashi mzee. Akaibandua saruji yote, akazikandika kuta upya kwa udongo uliochanganywa na mchanga na chokaa. Sehemu mpya akaijengea msingi wake wa mawe na nguzo za zege zenye nondo. Baina ya ukuta wa zamani na ukuta mpya akaacha upenyo wa sentimita 2. Tulikuwa tumelelewa na methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta. Tukamwuliza kwa nini anatuachia ufa kwa makusudi. Alijibu kwamba msingi wa zamani umekwisha kutulia, lakini ule mpya utaendelea kutitia kwa misimu kadhaa. Kuta zikifungwa pamoja, unaoshuka utaupasua uliosimama. Akaufunika upenyo kwa ubao mwembamba, akaupigilia upande mmoja tu.

Leo sebule ina madirisha mapana na sakafu ya vigae. Lakini udongo hudai kukandikwa tena na tena. Kila mwaka, kabla ya mvua, tunakusanyika sote wanne, wale waliotaka kuvunja wakiwa wa kwanza kufika, nasi tunaukandika ukuta kwa mikono. Mama huketi kando, akituonyesha sehemu tuliyoiruka.