"Andika Kwangu": Neno Lililonila Mshahara

Nyinyi mnaoishi kambini pamoja na jamaa zenu, nataka kusimulia habari ya daftari moja la dukani. Mimi ni askari polisi hapa Uganda, nami nakaa na mke na watoto katika kile kibanda cha duara cha bati ambacho sote twakiita "mama ingia pole", kwa kuwa mlango wake ni mfupi na mtu hana budi kuinama. Nyumba ya namna hiyo haifichi jambo. Mume na mke wakiteta juu ya fedha, jirani husikia.

Nasi tuliteta kila mwezi. Mshahara ulikuwa ukiingia benki, siku ya pili nampelekea mwenye duka aliye nje ya lango, na siku ya tano sina kitu. Basi naanza tena kuchukua kwa daftari. Lawama yote niliitupia jiko. Nilimwambia mke wangu kwamba sukari inamwagika, mafuta yanapotea, na kwamba yeye hajui kupima. Alininyamazia.

Katika juma la pili la muhula, binti yetu wa kidato cha pili alirudishwa nyumbani kwa ajili ya baki la karo, shilingi 180,000. Alikaa mlangoni na sanduku lake, hakulia. Jioni ile mke wangu alikwenda dukani, akaliazima daftari, akaliweka mbele yangu pamoja na kalamu. "Baba, tusome," alisema.

Tulisoma miezi 3 kwa kurudi nyuma. Jumla ilikuwa shilingi 560,000. Unga wa posho, maharagwe, sabuni, chumvi na mafuta ya taa, yaani jiko nililolilaumu, vilifika 346,000. Zile 214,000 zilizobaki zilikuwa zangu: soda, sigara moja moja, maandazi ya asubuhi, muda wa maongezi wa simu, na vinywaji vya wenzangu. Vya wenzangu vilinitia haya kuliko vyote. Kila tulipotoka zamu pamoja nilikuwa nikisema, "Andika kwangu," na mwenye duka hujibu, "Sawa, Afande." Neno hilo lilinipendeza masikioni. Fedha taslimu ningezihesabu, bali wino sikuuona kuwa ni fedha. Tena kilo ya sukari ya daftari ilizidi ile ya taslimu kwa shilingi 500, nami sikuwahi kuuliza kwa nini.

Mwenzangu mmoja alinishauri niende kwa mkopeshaji wa mjini, anayetoza 20 kwa 100 kila mwezi na kushika kadi ya benki ya mdeni wake. Nilipiga hesabu: 200,000 zikikaa miezi 3 bila kulipwa, riba ikipanda juu ya riba, huwa 345,600. Sheria ya mwaka 2016 yawataka wakopeshaji wa namna hii wawe na leseni. Lakini leseni haipunguzi njaa ya mtu aliyekwisha toa kadi yake. Sikwenda.

Kuacha daftari si kazi ya siku moja, kwa sababu fedha za kununulia taslimu ndizo zile zile za kulipia deni. Nilimwendea mwenye duka, nikamwomba aufunge ukurasa wangu na kupokea deni lililosalia, 186,000, kwa mafungu 3 ya 62,000. Alikubali, ingawa kwa uso mzito. Siku ya mshahara mke wangu alikwenda sokoni akanunua posho kilo 25 na maharagwe kilo 10 kwa pamoja. Hali kadhalika niliomba akiba yangu ya chama cha kuweka na kukopa ikatwe kabla mshahara haujanifikia, kama wenzetu wa jeshi wanavyokatwa katika Wazalendo. Fedha nisiyoiona siwezi kuinunulia mtu soda.

Mwezi wa kwanza tulikula maharagwe mpaka watoto wakalalamika. Mwezi wa pili, nikitoka zamu ya usiku, nilichukua soda na ulimi wenyewe ukasema, "Andika." Mwenye duka alicheka, akashika kalamu. Nilirudisha chupa nikaondoka na kiu, huku vijana wawili wa kituo chetu wakinitazama. Mmoja aliniita bahili. Sikumjibu, ijapokuwa iliniuma, maana ndiye niliyemnywesha zaidi ya wote katika ukurasa ule.

Binti yetu alipoteza siku 9 za masomo. Alirudi shuleni kwa 100,000 ambazo mke wangu alikuwa amezificha kutoka katika mauzo ya mboga zake, na mimi sikuwa na habari nazo. Baki la 80,000 nililimaliza mwezi wa tatu, pamoja na fungu la mwisho la duka. Zile 100,000 za mke wangu bado ninamlipa, 10,000 kila mwezi, naye huziandika.