Kwenye Gati la Ukungu

Treni ya Le Havre huondokea stesheni ya Saint-Lazare, na mtu aliyewahi kuitazama La Bête humaine hawezi kuipanda kama abiria wa kawaida. Jean Renoir aliipiga filamu hiyo mwaka 1938 kwenye reli hii hii, kamera ikiwa juu ya kichwa cha treni cha makaa, Jean Gabin akiwa dereva, uso umejaa masizi. Mwanzoni karibu hakuna maneno. Kuna moto, mluzi, ishara za mikono kati ya dereva na mtia makaa, giza la mahandaki, kisha reli zinatawanyika na mji unatokea. Nilikaa dirishani safari nzima. Tulipoipita Rouen manyunyu yakaanza, nami nikafurahi, maana sikutaka kuiona Le Havre kwa mara ya kwanza kwenye jua kali.

Nilikuja kwa ajili ya filamu nyingine ya mwaka huo huo, Le Quai des brumes, yaani gati la ukungu. Marcel Carné aliiongoza, mshairi Jacques Prévert akaandika mazungumzo. Wafaransa huziita filamu za namna hii uhalisia wa kishairi: watu ni wa kawaida kabisa, vibarua, wanajeshi, wasichana wasio na kwao, lakini mapenzi yao yamepimiwa saa tangu mwanzo. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Gabin safari hii ni Jean, askari mtoro anayeingia mjini usiku kwa lifti ya lori. Mbwa koko anakatiza barabarani, Jean anaushika usukani ili asigongwe, na tangu hapo mbwa hamwachi. Katika kibanda cha mtu aitwaye Panama, pembezoni mwa bahari, anamkuta Nelly akiwa na kofia ya bereti na koti la mvua linalong'aa. Michèle Morgan, aliyemwigiza, alikuwa na umri wa karibu miaka 18. Jean anapata nguo na pasipoti za mchoraji aliyejitosa majini, na nafasi katika meli ya Venezuela. Anapanda. Kisha anashuka ili amwone Nelly mara moja tu ya mwisho.

Mji ule haupo tena. Tarehe 5 na 6 Septemba 1944 ndege za Uingereza ziliupiga mabomu ili kuwang'oa Wajerumani, na raia wapatao 2,000 wakafa. Katikati ya mji palibaki kifusi. Msanifu Auguste Perret na wenzake waliujenga upya kwa zege, barabara pana zilizonyooka, na mwaka 2005 UNESCO ikauweka katika urithi wa dunia. Nilitarajia kuhuzunika. Badala yake nilijikuta napapasa nguzo kwa kiganja, kwa sababu zege lile si la kijivu tu. Lina kokoto ndani yake, na likiloa linatoa uwaridi hapa, umanjano pale, kama ngozi ya kitu kilicho hai.

Ndani ya kanisa la Mtakatifu Joseph, lililojengwa kuwakumbuka waliokufa, nilikaa zaidi ya saa nzima. Mnara wake una mita 107 na uko wazi ndani kutoka chini hadi juu, na vipande 12,768 vya vioo vya rangi vya Marguerite Huré vinamwaga nuru juu ya zege tupu. Wingu lilipopita, dhahabu ikawa zambarau. Hakuna aliyesema neno.

Jioni nilishuka bandarini. Mitaa mingi ya ile filamu ilijengwa studio na Alexandre Trauner, hata ukungu mwingine ni moshi wa mafundi. Lakini Carné alikuja hapa pia, na alikuwa na haki ya kuja. Ukungu wa Le Havre ni wa zamani kuliko sinema: Claude Monet aliuchora mwaka 1872 katika mchoro ulioupa jina uchoraji wa impreshenisti. Unaanzia kwenye maji, unapanda gatini, unazila winchi kuanzia miguuni hadi zinabaki zikining'inia hewani. Taa zinakuwa na mviringo wa manyoya. Mtu akipita mbele yako unasikia viatu vyake baada ya kumpoteza.

Feri ya Portsmouth ikapiga honi. Katika filamu honi ya meli inalia Jean akiwa amelala barabarani, amepigwa risasi, kichwa mikononi mwa Nelly, na kule melini mbwa anaikata kamba yake na kutimua mbio kumfuata. Nilisimama pale, nikiiangalia barabara iliyotoka gatini, hadi taa za feri zikamezwa zote.