Sukari Zilizo Juu ya Damu

Wenzangu wengi wakisikia neno sukari hukumbuka chai ya saa nne na msongamano wake. Mimi mwaka huu nakumbuka uloto, yaani ule ute laini wa ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Mdogo wangu wa kike ana selimundu, na madaktari wametwambia kuwa njia moja ya kumponya ni kupandikizwa uloto wa ndugu yake. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwatibu watoto hivyo mwaka 2023.

Nilimwuliza mwalimu wetu wa Bayolojia jambo moja tu. Seli shina za damu hazichomwi mfupani, hutiwa mshipani kama mgonjwa atiwavyo damu. Sasa, zaijuaje njia ya kwenda kwenye uloto?

Kumbe ni sukari. Juu ya ngozi ya kila seli shina pana vijinyuzi vya sukari zilizoungana, na karibu na ncha zake pana sukari iitwayo fukosi. Kuta za vijishipa vya uloto nazo zina protini iitwayo selektini, ambayo huishika sukari hiyo. Seli iliyokuwa ikienda mbio hupunguza mwendo, hubingirika ukutani, kisha hupenya ndani. Isiyo na fukosi ya kutosha hupita tu, kama basi lisilosimama kituoni. Seli za damu ya kitovu zina upungufu huo, hata wataalamu wa Marekani wamejaribu kuzitia fukosi kabla ya kumpa mgonjwa.

Lakini ajabu kubwa kwangu ni makundi ya damu, ambayo Karl Landsteiner wa Vienna aliyaeleza mwaka 1901. A na B hutofautiana kwa sukari moja tu ya mwisho. O haina hiyo ya ziada. Mdogo wangu ni B, mimi ni O. Tofauti hiyo haizuii kupandikiza. Kinachotazamwa zaidi ni alama nyingine za seli, ambazo kwa ndugu wa baba na mama mmoja hulingana kabisa kwa bahati moja katika nne. Zetu zikilingana na kazi ikifaulu, baada ya miezi kadhaa damu yake itakuwa O kama yangu. Mama alicheka, akauliza kama na uvivu wangu wa kufua utahamia huko.

Mdogo wangu aliuliza kama itauma. Nikamweleza kwamba dawa za kuondoa uloto wa zamani ni kali, na nywele hunyonyoka. Akanyamaza kidogo, kisha akaomba afanye kwanza mtihani wa darasa la saba.

Damu zetu zimekwisha kupimwa. Majibu yatatoka baada ya shule kufungwa.