Ufunguo wa choo ulikaa mfukoni mwangu

Mwezi huu nataka tuzungumze habari ya choo. Usicheke. Hata Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, aliwaagiza Waisraeli wawe na mahali nje ya kambi, na kila mtu awe na kitu cha kuchimbia ili afunike uchafu wake. Nilifundisha sura ile mara nyingi, na mimi mwenyewe nilikuwa na kosa nyumbani kwangu.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara kati ya Likasi na Kolwezi. Nilipofika hapa kuchunga kanisa, nyumba zenye choo zilikuwa chache sana. Watu walienda porini, nyuma ya vichuguu, ama karibu na kijito. Basi nikachimba shimo la mita 3, nikajenga kuta za matofali ya kuchoma, nikaweka manjanja juu na mlango wa mbao. Watu walikuja kukitazama. Munganga wa kituo cha afya alipopita kuhesabu vyoo vya kijiji, alisema changu ni cha kwanza kwa uzuri. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Lakini wachimbaji wengi wanapita njia yetu asubuhi na jioni, na waliingia mle bila kuomba. Waliacha uchafu. Nikanunua kadena. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, ukakaa mfukoni mwangu. Aliyetaka kwenda choo alikuja kwangu: bibi yangu, watoto, hata wageni wa kanisa.

Mwaka wa 2018 baba mukwe alikufa, na mama mukwe akatoka Bukama kuja kukaa nasi. Wewe unajua namna desturi zetu zilivyo. Mimi na mama mukwe hatutazamani usoni, hatuli bakuli moja, na tukikutana njiani mmoja anapisha. Kila asubuhi, mbele ya jua kutoka, nilisikia anaamka na bido yake ya maji. Nilifikiri anaenda kushika kazi ya shamba mapema. Nikamsifu mbele ya watoto: angalieni bibi yenu, si mvivu.

Mwezi wa pili wa mwaka wa 2019, mvua ikiwa nyingi, mtoto wetu wa mwisho akaanza kuhara usiku. Alikuwa na miaka 4. Alitoa maji meupe kama yale ya kuoshea mchele. Kulipokucha macho yake yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Tulimbeba kwa kinga mpaka kituo cha afya. Munganga akasema: kolera. Wakamtia serumu, chupa juu ya chupa. Niliketi pale chini siku mbili, sikuweza hata kuomba vizuri. Siku ya tatu akaomba bukari.

Sitasema ugonjwa ulitoka kwa mama mukwe. Nyumba nyingi zinachota maji katika kile kijito, na mvua inafagia uchafu wa kila mtu kuuingiza mle. Lakini munganga aliniuliza mbele ya bibi yangu: «Pasta, pale kwenu watu wote wanaingia choo?» Nikajibu upesi, ndiyo, wote. Bibi yangu akanyamaza.

Tulipokuwa njiani kurudi akaniambia: «Baba, mama haingii mle. Hajaingia hata siku moja. Ataanzaje kuja kukuomba wewe ufunguo? Hata ukitoa ile kadena, hawezi kukaa pale mukwe wake anakaa. Haiko bubaya ya roho, iko heshima.»

Nilisimama njiani. Karibu mwaka mzima mama huyu alitembea gizani, katika nyasi zenye nyoka, kwa sababu ya kutuheshimu, nami nikidhani anapenda shamba.

Mara ya kwanza nilitaka kumwita bibi yangu na kuwaambia waache mambo ya kizamani. Tunapenda kusema hivyo sisi tuliopita Shule ya Biblia. Lakini mama ana miaka kupita 60, na heshima ile ndiyo aliyolelewa nayo. Shimo la pili ni kazi ya juma moja. Kule Kasulo, Kolwezi, tangu mwaka wa 2014 watu walichimba chini ya nyumba zao wenyewe, mita kumi na kupita, wakitafuta kobalti. Na sisi wanaume tunasema mita 3 kwa ajili ya mama zetu ni taabu!

Shemeji yangu alikuja kunisaidia. Tulichagua upande wa juu wa shamba la mihogo, mbali na kijito kupita mita 30, mlango ukiangalia upande usioonekana kutoka kwa nyumba. Hatukuwa na feza ya simenti. Tuliweka miti migumu juu ya shimo, tukapaka udongo wa kichuguu, tukazungusha nyasi. Kifuniko ni cha mbao chenye mkono, cha kuzuia nzi. Pembeni kuna majivu katika kopo la zamani, na bido ya maji na kipande cha sabuni. Tulifanya tundu dogo, kwa sababu watoto wengi wanakataa choo kwa kuogopa kuanguka, na mama zao wanatupa mavi yao nyuma ya nyumba wakifikiri ya mtoto hayana ugonjwa. Yanao sawa na ya mkubwa.

Bibi yangu ndiye aliyemwonyesha mama yake. Mimi sikusema neno, na upande ule sipiti.

Choo changu cha matofali hakina kadena tena. Wachimbaji wanaingia, na siku ya posho ninakifagia mimi mwenyewe. Kile cha nyasi kinafagiliwa kila asubuhi. Ninajua kwa sababu ninasikia ufagio wakati bado kuna giza, saa ile ile niliyokuwa nikisikia miguu yake ikienda porini.