Maji Yaliyobaki Alpujarra

Tulifika Bubión, mji mdogo katika milima ya Alpujarra, kusini mwa Hispania. Hauna kasri wala fahari: nyumba nyeupe zenye mapaa bapa ya udongo, na mashamba ya ngazi yenye mitini na milozi. Mifereji yake, acequia, imelichukua jina hilo katika Kiarabu, as-saqiya. Waislamu wa Andalusi waliichimba ishushe maji ya theluji ya Sierra Nevada. Lugha na mila zao zilipopigwa marufuku, waliasi mwaka 1568. Wakashindwa, wakahamishwa kwa nguvu. Maji yangali yanapita, yakimnywesheza shamba mkulima asiyeijua dua yao. Tukawaombea rehema. Hiyo ndiyo sadaka yenye kuendelea. Je, sisi tumechimba nini?